Glasi, Gaiwani au Buli la Udongo: Chombo Kipi Kianze kwa Chai ya Kichina Nyumbani

Wengi wanaorudi kutoka Guangzhou, wawe wafanyabiashara au wanafunzi, huja na seti kamili ya chai iliyofungwa katika boksi zuri: sinia la mianzi lenye droo ya kupokea maji, buli dogo la udongo, vikombe sita visivyotosha hata mafunda matatu, na pengine kijisanamu cha chura cha kuwekwa pembeni. Seti hiyo hutumika mara mbili au tatu, wageni huisifu, kisha hupanda kabatini na kubaki huko. Nimeiona hali hii katika nyumba nyingi, nami naamini kwamba kosa haliko katika bidii ya wenye nyumba, bali katika utaratibu wa ununuzi wenyewe, kwa kuwa chombo kilichaguliwa kwa macho kabla ya mnunuzi kujua atakunywa chai gani, atakunywa na nani, na ana muda kiasi gani wa kukaa nayo. Hapa nalinganisha vyombo vitatu ambavyo kila mmoja waweza kuwa mlango wa kuingilia: glasi ndefu, bakuli lenye kifuniko liitwalo gaiwani, na buli la udongo wa Yixing. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji aipime anaposoma: walio wengi waanze na gaiwani, glasi waitunze kwa chai ya kijani, na buli la udongo walisubirie.

Vyombo vyote vitatu vimetokana na badiliko moja la kihistoria. Kabla ya enzi ya Ming, chai ya Kichina kwa sehemu kubwa iligandamizwa kuwa mikate, ikasagwa, kisha ikachemshwa au ikapigwa katika maji moto hadi itoe povu. Mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwasisi wa enzi hiyo, aliamuru chai ya kodi iliyopelekwa ikulu iwe ya majani yasiyogandamizwa, na tangu hapo desturi ya kumimina maji moto juu ya majani mazima ikashika mizizi. Majani mazima yalihitaji chombo cha kuyashikilia huku maji yakitoka, na ndipo buli dogo na bakuli lenye kifuniko vilipopata nafasi yao.

Tabia ya majani hayo ni kwamba hayamalizwi kwa maji ya mara moja. Aliyewahi kukamua nazi ataelewa upesi, kwa maana kuna tui la kwanza na tui la pili kutoka katika chicha ileile, na kila moja lina kazi yake. Chai ya Kichina nayo ina maji ya kwanza, maji ya pili, ya tatu, na kuendelea hadi ya nane au zaidi, isipokuwa kwamba hapa maji ya kwanza mara nyingi si ndiyo bora, kwa sababu jani lililosokotwa bado halijafunguka. Utamu kamili huja katika maji ya pili na ya tatu. Mtindo unaofuata hesabu hiyo kwa uangalifu, wenye majani mengi katika chombo kidogo na muda mfupi wa kuloweka, huitwa gongfu, na neno hilo ni lilelile ambalo sisi tumelizoea katika filamu za mapigano: maana yake ni ustadi unaopatikana kwa kazi na muda. Makao yake ya kale ni Chaozhou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong, pamoja na mkoa jirani wa Fujian. Mwaka 2022 UNESCO iliziingiza mbinu za jadi za kutengeneza chai nchini China, pamoja na desturi za kijamii zinazoambatana nazo, katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuendelea. Chai iliyo nyingi katika maduka yetu, kutoka Kericho hadi Mufindi, husindikwa kwa mashine zinazokata, kurarua na kukunja jani hadi liwe punje ndogo. Punje hizo zimetengenezwa zitoe rangi na ukali kwa dakika chache katika sufuria yenye maziwa, na kwa kazi hiyo zinafaa sana. Ukizitia katika gaiwani au buli dogo, zitatoa uchungu ndani ya sekunde chache na zitapita katika upenyo wa kifuniko. Kwa hiyo ulinganisho huu unahusu majani mazima tu, ya Kichina au yale machache ya majani mazima yanayotengenezwa Afrika Mashariki, ikiwemo chai ya zambarau ya Kenya inapouzwa ikiwa na jani lake kamili.

Glasi ndefu

Glasi haipigwi picha, lakini ndicho chombo ambacho Wachina wasiohesabika hukitumia kila siku ofisini, katika teksi na nyumbani. Hutiwa gramu 2 hadi 3 za majani katika glasi ya mililita 200 hadi 300, maji moto humiminwa, na mnywaji hunywa majani yakiwa mumo humo, akiyapuliza kidogo yanapomsogelea mdomoni. Kanuni yake kuu ni kwamba glasi hainywewi hadi ikauke: inapobaki theluthi moja huongezwa maji, na kile kilichobaki, ambacho Wachina hukiita mzizi, huendeleza ladha katika maji yanayofuata.

Chai inayostahili glasi ni ya kijani. Longjing ya Hangzhou, yenye majani bapa yaliyokandamizwa kwa mkono katika karai la moto, husimama wima ndani ya maji na kushuka taratibu, na kuitazama ikishuka ni nusu ya raha yake. Biluochun, inayotoka kando ya ziwa Tai, ina vijani laini vyenye vinyweleo vyeupe ambavyo huzama upesi. Kwa sababu hiyo hutiwa maji kwanza na majani baadaye, kinyume cha mazoea. Kwa Longjing mimi hutia majani, kisha robo ya maji, nikaizungusha glasi ili harufu iamke, ndipo nikajaza.

Udhaifu wa glasi hautokani na umaskini wake bali na umbile lake: huwezi kuyatenganisha majani na maji. Majani ya kijani machache katika maji ya nyuzi 80 huvumilia hali hiyo, lakini ulongi (oolong), chai iliyo kati ya kijani na nyeusi, ikiwa imesokotwa kama punje za kunde na ikitiwa kwa kipimo chake cha gramu 5 au 6 na kuachwa, hugeuka kuwa dawa. Pu'er iliyoivishwa, yaani chai ya Yunnan iliyochachushwa, nayo hugeuka nyeusi kabisa, na mnywaji hupata funda la kwanza zuri na mengine mazito yasiyonyweka. Glasi vilevile hupoteza joto haraka, jambo ambalo ni faida kwa chai ya kijani na hasara kwa nyingine zote. Tena glasi ya kawaida yenye kitako kinene inaweza kupasuka ikipokea maji yaliyotoka kuchemka, kwa hiyo ipashwe kwanza kwa maji ya vuguvugu.

Gaiwani

Gaiwani ni bakuli dogo lisilo na mkono, lililopanuka ukingoni, lenye kifuniko juu na kisahani chini. Wachina huviita vipande hivyo vitatu mbingu, mtu na ardhi: kifuniko ni mbingu, kisahani ni ardhi, na bakuli lililo katikati ni mtu. Katika mkoa wa Sichuan, hasa katika nyumba za chai za Chengdu, mtu hunywa moja kwa moja kutoka humo akiyasukuma majani kwa kifuniko. Kusini, katika Guangdong na Fujian, hutumika kama buli: chai huloweshwa ndani yake, humiminwa nje yote, na majani hubaki yakisubiri maji mengine. Matumizi haya ya pili ndiyo ninayoyapendekeza hapa.

Gaiwani nyingi zilizo nzuri ni za kauri nyeupe, na sifa za Jingdezhen, mji wa kauri katika mkoa wa Jiangxi, hazihitaji kuelezwa na mtu wa pwani yetu, ambako vyombo vya kauri kutoka China vilipachikwa katika nguzo za makaburi na kuta za misikiti ya kale, na vipande vyake bado huonekana katika magofu ya Gedi. Kauri ina tabia mbili zinazoifanya kuwa mwalimu. Kwanza hainywi harufu wala ladha, hivyo leo unaweza kutengeneza ulongi na kesho pu'er katika gaiwani ileile bila moja kuiharibu nyingine. Pili, weupe wake huonyesha rangi ya maji jinsi ilivyo, na kifuniko chake hubeba harufu: ukikiinua baada ya kumimina na kukinusa, utaijua chai kabla ya kuionja. Hakuna chombo kingine kati ya hivi vitatu kinachokuonyesha kasoro ya chai waziwazi namna hii, na mtu anayejifunza anahitaji kuziona kasoro.

Kipimo chake kwa mtu mmoja hadi watatu ni mililita 100 hadi 120, nami nasisitiza udogo huo kwa sababu wanunuzi wetu hupenda kuchukua kubwa. Kwa mililita 100, tia gramu 5 za ulongi, au 6 hadi 7 ukipenda nzito. Maji ya kwanza yakae sekunde 15 hivi, ya pili 10 hadi 15 kwa kuwa jani tayari limelowa, kisha ongeza sekunde 5 au 10 kila mara. Ulongi njema hutoa maji sita hadi nane, na pu'er hupita kumi. Hesabu ya fedha nayo haina budi kutajwa: gramu 5 zikitoa maji manane ya mililita 100, umepata karibu mililita 800 kutoka katika majani ambayo mkononi yalionekana machache, na pakiti ya gramu 50 inatosha vikao kumi. Chai inayoonekana ghali dukani huwa ya bei ya kawaida ikihesabiwa kwa namna hii.

Tatizo la gaiwani ni moja, nalo ni moto. Wiki yangu ya kwanza nikiwa mwanafunzi Guangzhou niliunguza vidole kila siku, nikadhani mikono yangu haikuzoea, hadi mama mmoja mwenye duka la chai katika soko la Fangcun aliponionyesha kwamba nilikuwa najaza maji hadi ukingoni. Maji yanapaswa kukoma pale bakuli linapoanza kupanuka. Ukingo uliobaki juu yake hubaki baridi kiasi cha kushikika. Kidole gumba na cha kati hushika ukingo pande mbili zinazotazamana, kidole cha shahada hukandamiza kitufe cha kifuniko, kifuniko chenyewe kikiwa kimeinamishwa kidogo ili kuacha upenyo mwembamba, kisha gaiwani huinuliwa na kusimamishwa karibu wima ili maji yatoke kwa kasi. Anayeinamisha polepole kwa hofu ndiye anayeungua, kwa maana mvuke humpata muda wote. Chagua gaiwani yenye kauri nyembamba na ukingo uliotanuka sana. Ile nene yenye ukingo uliosimama huonekana imara dukani lakini huunguza zaidi. Kwa mtu mwenye mikono inayotetemeka, au nyumba yenye watoto wanaorukaruka kando ya meza, kasoro hii ni ya kweli, na buli lenye mkono litamfaa zaidi.

Buli la udongo wa Yixing

Yixing ni mji wa mkoa wa Jiangsu, magharibi mwa ziwa Tai, na udongo wake huitwa zisha, maana yake mchanga wa zambarau, ingawa uko pia mwekundu na wa manjano. Mabuli yake ya jadi hayafinyangwi juu ya gurudumu: mfinyanzi huupiga udongo kwa nyundo ya mti hadi uwe bapa, hukata vipande, na kuviunganisha kwa mkono. Hayapakwi rangi ya kung'aa ndani wala nje, na yakishachomwa hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Umaarufu wake ulianza katika enzi ya Ming, na jina la Shi Dabin, fundi wa mwishoni mwa enzi hiyo, bado linatajwa kwa heshima. Katika karne ya 20 aliyetajwa zaidi ni Gu Jingzhou.

Ili kuelewa kinachofanywa na udongo huu, fikiria chungu cha mchuzi wa samaki katika nyumba za pwani. Mama mwenye chungu hicho hakipikii maziwa, kwa sababu udongo hunywa na hukumbuka. Buli la Yixing ni vivyo hivyo: hunywa mafuta na harufu ya chai, na kwa miaka huanza kung'aa kwa utulivu na kuirudishia chai kile lilichokipokea. Ndiyo maana buli moja hutengewa aina moja ya chai, na ndiyo maana halioshwi kwa sabuni hata siku moja; husuuzwa kwa maji moto, hufutwa, na huachwa wazi likauke. Buli lililofunikwa likiwa na majani yaliyolowa kwa siku mbili katika unyevu wa Dar es Salaam huota ukungu, nami nimelazimika kulichemsha moja kwa saa nzima ili kuliokoa.

Tukiliweka buli na gaiwani bega kwa bega, tofauti kubwa ni joto na ladha. Udongo hushika joto kwa muda mrefu kuliko kauri nyembamba, hivyo chai zinazotaka maji ya kuchemka, yaani pu'er na ulongi iliyookwa kwa mkaa kama ile ya miamba ya milima ya Wuyi mkoani Fujian, hufunguka vizuri zaidi ndani yake. Ladha nayo hulainika: ukali hupungua, maji huwa mazito na ya mviringo mdomoni. Nimetengeneza mara nyingi pu'er ileile, gramu zilezile na maji yaleyale, katika vyombo viwili kwa pamoja. Ile ya gaiwani ilinipa kila kitu, ikiwemo harufu ya ghala ambamo ilihifadhiwa, na ile ya buli ilinipa utamu ikaifunika harufu hiyo. Kwa mnywaji aliyekwisha kuchagua chai yake, hiyo ni neema, lakini anayejifunza hufichwa jambo ambalo angepaswa kulijua kabla ya kununua tena. Na kwa chai zenye harufu ya maua, kama Tieguanyin, ulongi ya rangi ya kijani kutoka Anxi, buli la udongo huchukua sehemu ya ile harufu uliyoilipia. Chai ya kijani isitiwe humo kabisa, kwa kuwa joto linalokawia hulipika jani na kuliachia ladha ya mboga iliyochemshwa.

Jambo jingine ni udanganyifu, nalo ni zito kuliko wanunuzi wanavyodhani. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ilionyesha jinsi udongo wa kawaida unavyotiwa rangi za kemikali na kuuzwa kama zisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza buli kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, bei ikiwa ya chini kupita kiasi, na lilipotiwa maji ya kuchemka lilitoa harufu iliyofanana na kiwi ya viatu, sikulitumia tena. Kabla ya kununua, mimina maji moto ndani na unuse. Ziba kwa kidole kitundu kilicho juu ya kifuniko wakati unamimina: kifuniko kikikaa sawasawa, maji yatapungua sana au yatakoma. Angalia kama buli linamaliza maji yake kwa sekunde kumi hivi, kwa maana buli linalotoa maji polepole huendelea kuiloweka chai huku wewe ukidhani umeshamimina. Mng'ao mkali na rangi iliyo sawasawa kama ya plastiki ni ishara mbaya. Na ikiwa buli la kazi ya mkono linauzwa kwa bei ya vikombe viwili vya kawaida, basi si la kazi ya mkono.

Lipo pia buli dogo la kauri lenye mkono, ambalo sikulipa sehemu yake kwa kuwa tabia zake ni za gaiwani, isipokuwa haliunguzi vidole na ni gumu zaidi kutoa majani na kusafisha.

Maji, na tatizo la miji ya juu

Chombo chochote utakachochagua, maji yana uzito kuliko chombo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni ya kawaida katika mitaa mingi ya pwani, huifanya chai yoyote iwe butu na yenye utando juu. Afadhali maji ya chupa yasiyo na madini mengi. Maji ya bomba yachemshwe kabisa kwanza kwa ajili ya usalama, kisha yaachwe yapoe hadi kiwango kinachotakiwa. Wachina wa zamani walipima kwa kuangalia vipovu, vile vidogo wakiviita macho ya kaa na vinavyofuata macho ya samaki. Ni njia nzuri ikiwa maji yako tayari ni salama. Vinginevyo kipimajoto cha jikoni kitakutosha: nyuzi 80 kwa chai ya kijani, 90 hadi 95 kwa ile ambayo Wachina huiita nyekundu nasi tumeizoea kwa jina la chai nyeusi, 95 na zaidi kwa ulongi, na maji yanayochemka kwa pu'er.

Hapa wakazi wa Nairobi na Kigali wana swali la haki. Kwa kuwa miji hiyo iko juu sana ya usawa wa bahari, maji huchemka hapo kwa nyuzi 94 au 95 hivi, na hayawezi kupanda zaidi katika birika la kawaida. Je, pu'er imeharibika? Haijaharibika, kwa sababu Kunming, mji mkuu wa mkoa wa Yunnan ambako pu'er hutoka, uko juu kuliko Nairobi, na watu wake hunywa chai hiyo bila malalamiko. Hata hivyo, ni katika miji hiyo ambapo buli la udongo hupata hoja ya ziada dhidi ya gaiwani, kwa kuwa kila nyuzi iliyohifadhiwa ina thamani. Mtumiaji wa gaiwani apashe chombo kwa maji ya kuchemka kabla ya kutia majani, na aongeze sekunde chache kwa kila maji.

Mbele ya wageni

Chombo kinachomridhisha mtu akiwa peke yake kinaweza kumwangusha mbele ya wageni. Glasi ni rahisi kuliko vyote, kwani kila mgeni hupewa yake na mwenyeji hubaki na kazi ya kuongeza maji tu; lakini kila mtu hunywa chake, na mazungumzo hayafungwi na chombo kimoja. Gaiwani na buli humweka mwenyeji katikati kama muuza kahawa wetu wa barazani na dele lake, na vikombe vyake vya mililita 30 hadi 50 havina tofauti kubwa na vile vya kahawa. Mgeni wa pwani aliyekunywa kahawa chungu kwa vikombe hivyo tangu utotoni huuelewa mtindo huu mara moja. Mgeni aliyezoea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa aelezwe mapema kwamba vitakuja vikombe vingi, asije akadhani amenyimwa.

Utaratibu ni huu. Vyombo vyote hupashwa kwa maji moto. Majani makavu huonyeshwa wageni wayanuse, kisha hutiwa katika chombo kilicho moto bado. Maji ya kwanza ya pu'er na ya ulongi iliyosokotwa humwagwa upesi ili kuliosha na kuliamsha jani. Ya chai ya kijani hayamwagwi, kwa maana humo ndimo uzuri wake mwingi ulimo. Chai humiminwa yote katika jagi dogo, ambalo kwa Kichina jina lake lina maana ya haki, kwa sababu bila hilo kikombe cha kwanza huwa chepesi na cha mwisho kikali. Watu wa Chaozhou hawalitumii jagi hilo. Huzungusha buli juu ya vikombe vilivyopangwa karibu karibu, wakigawa kidogo kidogo hadi tone la mwisho, na kwa jadi vikombe vyao ni vitatu hata wanywaji wakiwa wengi zaidi, vikisuuzwa na kupokezanwa. Kikombe hujazwa sehemu saba kwa kumi. Kukijaza pomoni ni utovu wa adabu, kwa sababu humuunguza mgeni na huchukuliwa kama kumwambia aondoke. Mkubwa kwa umri huanza, kikombe hutolewa kwa mikono miwili, na mdomo wa buli hauelekezwi kwa mtu. Watu wa Guangdong huitikia kwa kugonga meza kidogo kwa vidole viwili, ishara ya shukrani isiyokatiza mazungumzo.

Wageni wakizidi wanne, gaiwani ya mililita 120 haitoshi kwa maji ya mara moja. Njia yangu ni kuunganisha maji mawili katika jagi kabla ya kugawa, na ladha huwa njema kwa kuwa maji mepesi na mazito hukutana. Wakizidi wanane, acha gongfu kabisa: chukua buli kubwa la kauri la mililita 600, gramu 6 za majani, dakika tatu hadi nne, kama ifanyikavyo katika mikahawa ya Guangzhou ambako familia nzima huketi asubuhi juu ya buli moja, na kifuniko kikiachwa kimeinamishwa mhudumu hujua kwamba maji moto yanahitajika.

Kuchagua

Ikiwa unakunywa chai ya kijani peke yake, ofisini au mbele ya kompyuta, huna sababu ya kununua chochote: glasi uliyonayo inatosha. Ikiwa bado huijui chai unayoipenda, au unapenda kubadilisha, nunua gaiwani ya kauri nyeupe ya mililita 100 hadi 120, jagi dogo, vikombe vitatu na mizani ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na ukae navyo angalau mwaka mmoja. Ikiwa baada ya mwaka huo umegundua kwamba kila jioni mkono wako hurudi kwenye chai ileile, nayo ni pu'er au ulongi iliyookwa, wakati wa buli la Yixing umefika, na utalichagua ukijua ujazo unaoutaka na ladha unayotaka kuilainisha. Lichemshe kwanza katika maji safi ili kuondoa vumbi la kiwandani, kisha anza nalo mara moja.

Sinia la mianzi liwe la mwisho kabisa. Lina kazi moja tu ya kupokea maji yanayomwagwa, na droo yake ikisahauliwa kwa siku mbili hunuka. Sahani pana yenye ukingo, bakuli la kumwagia maji kando yake, na kitambaa kikavu cha kufutia kitako cha jagi hufanya kazi hiyohiyo na huoshwa pamoja na vyombo vingine vya chakula cha jioni.